Mengineyo

Desemba, Närpes. Jua huchungulia saa nne
na saa tisa haijagonga limeshaenda zake.
Nje theluji imelalia paa la vioo.
Ndani, taa za manjano zinaikesheza letusi.

Alfhild Norrgård ameketi nyuma ya ubao wa kadibodi:
sahani tano, bilauri ya maji,
kipande cha mkate mkavu cha kusuuzia ulimi.
Hakuna jina, ni namba tu.
Tafuneni, kasema fundi wa kituo, kisha mjaze:
mkatiko, utamu, uchungu, mengineyo.

Julai walimwita pia.
Siku ile joto lilikuwa limezikimbiza letusi kwenda juu,
shina likikatwa latoa utomvu mweupe,
na uchungu ukamganda kooni
hadi alipovua viatu usiku.
Mbolea ilikuwa hii hii.

Sahani ya kwanza, waliyoinyima kidogo:
jani jembamba, limefifia,
lakini linavunjika kwa mlio
na utamu wake unafika kwa kuchelewa
kama wa kiini cha kabichi.
Anaipa nane.

Ya nne ni pana, kijani kibichi, inang'aa.
Anatafuna. Maji.
Anangoja. Maji tena,
na nyuma ya maji, ladha ya sarafu.
Naitrojeni tele, jua hakuna:
jani limekunywa, halikupika.

Anaujua mkono huu.

Kila msimu wa giza Holger alikilegeza kibomba cha mbolea
nusu mzunguko zaidi.
"Maskini, hawaoni jua," alikuwa akisema,
"basi angalau washibe."
Sokoni zilikwenda upesi; macho ndiyo yanunuayo.
Mezani Alfhild aliziminia krimu, sukari, siki,
miaka thelathini na miwili,
naye Holger akila, akimtazama:
"Eti, si nzuri?"
"Nzuri."

Mkatiko: mbili. Utamu: sifuri.
Kwenye mengineyo penseli inasita.
Anaandika: *Huyu alihurumiwa kupita kiasi.*
Anafuta, anapuliza vumbi la kifutio,
anaandika: *Maji mengi.*

Fundi anapopita kukusanya
sahani nne zina mabaki.
Ya nne ni nyeupe, kavu,
hata shina halimo.