Dakika Kumi

Moja kwa sita, alisema Mishi,
kikombe kimoja cha jiki, sita vya maji,
na maji yawe baridi, ya moto huipumbaza dawa.
Alipima kwa kikombe cha bati kilichobonyea
ambacho hakijanywewa chai tangu enzi za Sista Wakesho,
kimefungwa uzi mwekundu kwenye shikio
asije mtu akakosea.

Ilikuwa usiku wangu wa kwanza wodi ya wazazi,
joto la Machi limekaa juu ya Mombasa
kama kifuniko cha sufuria,
feni yazunguka, yasema tu.
Kitanda cha nne kilikuwa kimeachwa na mama na mwanawe
na kila walichokiacha.

Mimi nikaikimbilia jiki.
Mishi akanishika kifundo cha mkono:
Sabuni kwanza. Damu ni ngao yao.
Ukimwaga dawa juu ya uchafu
dawa yapigana na uchafu, yachoka,
na wao wako chini wamejifunika, wakucheka.
Twaosha, kisha twaua.
Ni kazi mbili, hazilali kitanda kimoja.

Nikasugua hata mpira wa godoro ukatoa kijani chake.
Nikasuuza. Ndipo nikapaka ile ya moja kwa sita,
kichwani pa kitanda, ubavuni, kwenye vyuma,
pale kwenye nati ambako kidole hakiingii,
machozi yakinitoka
kama aliyemenya vitunguu vya karamu nzima.

Kisha nikachukua kitambaa nifute.

Ngoja.

Ningoje nini? Pamelowa pote.

Kumi, akasema, akaitazama saa ya ukutani
iliyokuwa mbele dakika saba na sote twajua.
Yataka ilale juu yao dakika kumi.
Ukifuta mapema umewaogesha tu.

Na mlangoni alikuwa Kadzo, wa Mtopanga,
leso imelowa, mkono mmoja ukutani,
akipumua kwa meno.
Dakika ya tatu akaita jina la mamake.
Dakika ya nne nikafuta.

Mishi hakupaza sauti. Alichovya kitambaa,
akapaka upya, kichwani, ubavuni, kwenye nati,
akaanza kuhesabu tangu sifuri,
na yule mwanamke akasimama kwa ajili yangu
dakika nyingine kumi
ambazo sijamlipa.
Nilimshika kiuno. Akaniegemea na uzito wake wote,
na wa yule mwingine.

Alizaa alfajiri, mtoto wa kike, mwenye hasira.
Siku ya tatu wakaenda zao. Hakuna homa, hakuna usaha,
hakuna lililotokea.
Hakuna aliyetushukuru, na angeshukuru nini?
Kazi yetu
ikifaulu haina alama.

Nyumbani Kibokoni bibi yangu alifukiza udi
kuifukuza harufu yangu sebuleni.
Akauliza: Jambo hilo mwalifanyalo, laitwaje?
Nikasema, kusafisha.
Kusafisha hata mimi nasafisha, na sinuki hivyo.
Kutwahirisha?
La, bibi. Maji ya kisima yatwahirisha
na bado yaweza kumwua mtoto.
Akafikiri, akikigeuza chetezo taratibu.
Wataalamu wasema kutakasa, nikamwambia,
lakini mimi, neno nililofunzwa ni kungoja.

Ah, akasema, hilo nalijua, nimezaa saba.
Akanikatia mkate wa sinia.
Nikainuka kunawa. Vidole vimechanika,
sabuni yachoma. Nikahesabu polepole,
bibi ananitazama,
chai inapoa.