Maji Yanayozoleka

Saa kumi na mbili na nusu, Winnipeg bado giza.
Nimesujudu. Paji la uso li chini,
na kupitia sakafu nasikia
kwaruu, kwaruu:
beleshi linakwangua ngazi zangu.

Ni yeye tena.
Bi Halyna wa nyumba ya tatu, mlango wa kijani,
mama yake Taras.

Sitaki kulitaja jina hilo kwenye mswala.
Nalitaja.

Taras ana miaka kumi na tisa na pikapu ya kazi.
Siku ile barabara ilikuwa kioo.
Hakulewa. Hakuwa na simu mkononi.
Nilitamani angekuwa nayo.
Hakimu alisoma karatasi zote, akavua miwani,
na neno "ajali" likaanguka mezani
jepesi kama risiti.
Shamim wangu alikuwa anavuka kwenda maktaba
kurudisha kitabu cha nyangumi.
Kitabu nililetewa, kina barafu kati ya kurasa.
Maktaba hawakunidai faini.

Watu walikuja na masufuria ya pilau, na ubani,
na maneno yao: Mola kampenda zaidi.
Mdomo ukajibu amin;
roho ikakaa kizingitini, imekunja mikono.
Imamu akaniambia kusamehe kuna thawabu.
Nikamuuliza: thawabu hizo zinavaa viatu namba ngapi?
Hakukasirika.
Alikunywa chai niliyosahau kuitia sukari, akalia.

Bi Halyna hakuja na maneno.
Theluji ya kwanza ilipoanguka alikuja na beleshi.
Nilimchungulia nyuma ya pazia
nikiomba ateleze.
Ndiyo, niliomba; aliyenisikia nitamfichaje?
Desemba nzima, Januari nzima,
hajabisha hodi, hajainua macho,
anasafisha ngazi, na njia, mpaka kwenye lango
ambalo Shamim alilipiga teke kwanza, ndipo alifungue.

Kwetu husema maji yakimwagika hayazoleki.
Kweli. Lakini waliosema hawakuiona nchi hii
ambako maji huanguka, yakalala, yakangoja,
na mama wa watu akaja gizani kuyazoa
beleshi kwa beleshi,
na kesho yake yamemwagika tena.

Leo nimetoa salamu kulia.
Nimetoa salamu kushoto, shingo ikagoma kurudi:
kushoto ndiko uliko mlango wa kijani.
Miezi mitatu nimekuwa nikiwatakia amani
bila kujua.

Sijui kama huku ndiko kusamehe.
Nilivaa buti juu ya soksi zisizofanana,
nikachukua ufagio wa jikoni, nikafungua.
Baridi ilinipiga kofi.
Yeye akarudi nyuma hatua moja, beleshi kifuani,
kama mtu anayengoja kufukuzwa.

Nikauliza, "Taras analala usiku?"

Akatikisa kichwa.

"Mimi pia silali," nikasema,
nikaanza kufagia ngazi ya juu.