Kisanduku

Karani alikohoa kwanza.
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi,
akaivaa, akasoma upya
kana kwamba kioo ndicho kilichokosea.
"Binti," akasema, "hapa wewe ni mwanamume."

Tikyo akacheka. Nami nikacheka.
Karani hakucheka.

Miaka thelathini na mmoja nimekuwa Lourdelyn Batuigas,
binti wa mkata miwa wa Bais.
Nimevuja damu kila mwezi bila kibali cha manispaa,
nimevishwa pete ya fedha sokoni, kati ya ndizi na dagaa,
na muda wote huo, kule Manila,
ndani ya kabati la chuma,
mwanamume mwenye jina langu ameketi kimya
akingoja siku nitakapotaka kuolewa.

Mkunga alikuwa hoi, mama anasema.
Kimbunga kilikuwa kimebeba nusu ya paa la zahanati,
watoto watatu kwa saa moja, chemli moja,
kalamu inatema wino ovyo.
Visanduku viwili vimebanana kama meno ya mbele.
Mkono ukateleza.
Kuteleza si kuanguka, walisema wahenga.
Wahenga hawakuwahi kujaza fomu.

Basi tukaanza.
Barua ya daktari kwamba mimi ni mwanamke
na kwamba nilikuwa hivyo tangu mwanzo
(daktari kijana, aliona haya kunishinda,
aliandika macho yakiwa dirishani).
Barua ya polisi. Barua ya mwajiri.
Cheti cha ubatizo, ambacho panya alianza kukisoma
akaishia kwenye jina la padri.
Tangazo gazetini wiki mbili mfululizo,
kati ya trekta linalouzwa na mbwa aliyepotea,
mji mzima ukasoma
kuwa Lourdelyn anaomba kuwa Lourdelyn.
Muuza samaki akaniita kaka siku nne.
Ya tano akanipunguzia bei, tukasameheana.

Nguruwe wa harusi akazaa. Akazaa tena.
Cheti cha Tikyo, kile cha kuthibitisha hana mke,
kikaisha muda;
kumbe hata upweke una tarehe ya kuharibika,
kama maziwa ya kopo.

Jioni moja, kwenye benchi nje ya ofisi iliyofungwa mapema,
Tikyo alisema bila kuniangalia,
"Tuishi tu, Lou. Karatasi itatupikia?"
Nilimega mkate, nikampa kipande kikubwa.
Sikumjibu hadi chombo cha mwisho kilipoondoka kituoni.

Baba alipoangukia kwenye miwa,
mama alikwenda kiwandani na kanga, hapana, na shali yake nyeusi,
na watoto watano, na miaka ishirini na miwili ya kumfulia.
Mtu wa dirishani aliuliza swali moja:
"Wewe ni nani yake?"
Mama alifungua mdomo.
Bado haujafunga, Tikyo.
Nikilala nausikia.

Tikyo alikunguta makombo mapajani.
Kesho yake alifika ofisini kabla ya mlinzi.

Cheti kipya kikaja mwezi wa nane.
Yule mwanamume hawakumfuta, sheria haifuti.
Wamemwacha palepale kisandukuni,
ila pembeni, kwa herufi ndogo za mashine,
wameandika kwamba ni mimi.

Sasa majina yetu yako ubaoni, ukumbi wa manispaa,
siku kumi, mwenye pingamizi ajitokeze.
Mama hupanda pikipiki ya abiria kila asubuhi
kwenda kuyatazama.
Hasomi vizuri. Amekariri umbo.
Mvua ya siku ya tatu ilipeperusha kona ya karatasi;
akaibandika kwa plasta ya kidonda,
akasimama hapo, mkoba kifuani,
akimtazama kila apitaye
kama vile anathubutu kuuliza.