Gari Lililokula Chumvi

Huku Ishpeming barabara hutiwa chumvi,
na si ile chumvi ya wasimulizi:
malori huimwaga usiku tangu Novemba,
na ikifika Aprili imekwisha kutafuna
vizingiti vya milango, mabomba, boliti,
na sehemu ya subira ya watu.
Biuki ya mama ni ya mwaka tisini na nane.
Imekula chumvi nyingi. Sasa chumvi inaila.

"Inatetemeka," alisema Sylvi kwenye simu.
"Nikikanyaga breki mteremko wa kanisa
usukani unanitikisa mikono
kama mtu aliyefurahi kupita kiasi kuniona."

Nimepiga magoti juu ya boksi lililochanwa.
Jeki, stendi mbili, gogo nyuma ya gurudumu,
kwa kuwa mimi si mtu wa kuamini jeki.
Gurudumu la kulia lilitoka kwa teke.
Diski: mfereji juu ya mfereji,
na ukingoni mdomo wa chuma ambao pedi hazikuufikia.
Upitishe kidole hapo,
utajua unene uliokuwapo, na uliokwenda.

Kalipa nikaitundika kwa waya wa hanga ya koti,
isining'inie kwa mpira wake
kama sungura aliyeshikwa masikio.
Kisha diski ikagoma.
Nyundo. Mafuta ya kulegeza kutu. Kahawa. Nyundo.

Trembath wa nyumba ya pili akaja, mikono mfukoni,
akatazama kama watu wanavyotazama kaburi likichimbwa.
"Hiyo nyundo," akauliza, "haijui lugha nyingine?"
Akarudi na boliti mbili ndefu,
akazipitisha kwenye matundu ya bano la kalipa.
Huku robo mzunguko. Huku robo.
"Usishindane nayo. Isukume tu."
Kutu ikatamka neno moja, pa!
na diski ikaniangukia mapajani, nzito, baridi.

Upande wa kushoto nilijiandaa kwa vita vingine.
Diski ikatoka kwa mikono mitupu.

Nikakaa kitako.
Hii haikuwa ya kiwandani. Ilikuwa changa,
rangi ya fedha ingali shingoni.
Reino, baba yangu, aliyenifunza kuwa breki ni viatu,
hakuna anayenunua mguu mmoja,
Reino aliyemfokea shemeji yake mbele ya wageni
kwa kubadilisha upande mmoja,
alibadilisha upande mmoja.

Nilipokwenda bandani kutafuta grisi
nikaliona boksi chini ya mikebe ya rangi,
gundi ya karatasi haijabanduliwa.
Ile vuli bega lake halikuinuka kupita kifua.
Labda jioni ilimkuta, akasema kesho.
Labda ya kulia ilimgomea kama ilivyonigomea mimi,
naye hakumwita Trembath.
Nikalirudisha boksi mahali pake.

Nikasugua habu kwa brashi hadi ikang'aa.
Nikafunga zangu mbili mpya, pande zote mbili,
nati kwa mtindo wa nyota, kwa spana ya kipimo.
Kanyagio la kwanza likazama hadi sakafuni.
Huwa hivyo, na moyo huzama nalo hata kama unajua.
La pili likapanda.
La tatu likasimama kama ngazi ya mawe.

Mama akalitoa mwenyewe, na koti lake la kanisani.
Miaka minne gari lilikuwa likivuta kushoto,
miaka minne mikono yake ikivuta kulia bila kumwarifu.
Kwenye kona akakanyaga breki;
breki zikashika sawasawa,
mikono ikavuta kulia,
na kioo cha pembeni kikalamba sanduku la barua la Trembath.

"Umeharibu kitu," akasema. "Sasa haliendi sawa."
Nikamwambia alegeze mikono.
Akasema hajaikaza.