Funguo Kumi na Moja

Mlangoni pa hospitali mashine ililia.
Mlinzi akamwomba mama afungue pindo la kanga,
zikamwagika mezani funguo kumi na moja:
mmoja umefungwa uzi mwekundu wa sufu,
mmoja kipande cha sare ya shule,
mingine imeshika kutu tu.
"Bibi, una maduka mangapi?"
"Sina duka, mwanangu. Nina majirani."

Alishuka kutoka Upare kutolewa mtoto wa jicho
na hakuwa na wa kumwachia.
Chini yake yupo Mzee Senkondo, themanini na mbili,
asiyesikia hata kengele ya kanisa anayoipiga mwenyewe.
Juu yake ni kufuli.
Ng'ambo ya mfereji ni kufuli.

Makufuli hatukuwa nayo, anasema.
Mlango ulizuiwa kwa jiti, mbuzi asiingie kwenye maharage.
Anayehama ndiye anayefunga.
Wala si kwa ajili ya mwizi.
Mwizi wetu tuliyemzoea, Kiondo, naye yuko huku, Buza,
anauza vioo vya pembeni vya magari.

Juma zima nilimzungusha na funguo zake,
jicho moja limefunikwa, la pili linahesabu ghorofa.
Goba, kwa Anaeli: geti la umeme, watoto wanne.
"Kaa nao tu, mama. Desemba tunapanda."
Kimara, mjane wa Mchome aliugeuzageuza,
akaunusa,
akauliza: huu ni wa mbele au wa jikoni?
Mbagala alitupokea kijana tusiyemjua.
Baba alifariki Februari, hamkupata ujumbe?
Akaturudishia ufunguo kwa mikono miwili,
kama sahani ya jirani, ila tupu.

Katika kundi letu la simu tuko mia mbili na kumi na sita.
Mtu akifa mlimani, michango inatimia kabla ya jioni:
turubai, mchele, jeneza la mninga.
Kinachokosekana ni mabega.
Njia ya makaburini imesimama kama ngazi.
Mwezi wa tano, kumzika Nambike,
tulikodi vijana wa bodaboda kutoka tambarare,
elfu tano kila bega, na soda.
Walimbeba vizuri.
Mmoja aliuliza jina lake wakati wa kunawa mikono.

Na pembe ya msaragambo ikilia, mfereji uzibuliwe,
wanakuja wanawake saba
na Mzee Senkondo, aliyekwenda kuambiwa.
Ndiva imejaa tope hadi pameota mpera katikati.
Mapera yake matamu, anasema mama,
hakuna mtoto wa kuyaiba.

Usiku, Tabata, feni inazungusha joto lile lile.
Nyuma ya ukuta wapangaji sita wa chumba kimoja
wanagombana nani alale upande wa dirisha.
Mama anasikiliza gizani.
Kule nyumba sita mtu mmoja, anasema,
huku chumba kimoja watu sita.
Aliyegawa alikuwa na haraka ya nini?

Alhamisi walimfungua bendeji.
Alitazama ukuta, akatazama daktari,
kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu,
kama mtu anayesoma barua iliyochelewa.
"Kumbe na wewe umeota mvi."

Kesho yake nilimsindikiza stendi ya Mbezi, alfajiri.
Alikagua pindo kwa vidole: kumi na moja.
Niliporudi, juu ya friji nilikuta kufuli jipya,
la shaba, karatasi ya bei haijabanduliwa,
funguo zake mbili zimefungwa kwa uzi wa kanga.
Lini alikwenda Kariakoo, na nani, sijui.

Nikampigia. Basi lilikuwa limeshapita Chalinze.
"Mama, umesahau kufuli lako."
"Hilo ni lako," alisema, upepo ukimkata sauti.
"Mimi kwangu pana jiti."