Kifungu cha Nne

Mimi kazi yangu ni kuchapa. Rasimu imeletwa na Bwana Afya,
ina doa la chai ukurasa wa pili:
Sheria Ndogo ya Kukomesha Ufugaji wa Wanyama kwa Ajili ya Manyoya,
Halmashauri ya Wilaya ya Kaliua.
Nimechapa "manyoya" mara ishirini na moja
na kila mara kidole kimenipeleka kwa Kashindye.

Bani lake, lile la matofali mabichi:
tumbaku ilipomtupa, alilijaza vizimba.
Sungura wa kijivu, laini kama majivu ya mninga,
mia tatu na ushei juu ya sakafu ya waya,
wakipumuliana puani usiku na mchana.
Mnunuzi alikuja na gari toka Tabora mjini,
akabeba ngozi, akaacha nyama na nzi.

Kisha wakaanza kupiga chafya.
Tulicheka: sungura ana mafua, kama mtu!
Hadi Mlekwa, anayefagia chini ya waya,
alipokohoa wiki tatu, akalazwa,
na mama yake,
na muuguzi aliyemshika mkono.
Wakaja watu wa sampuli, weupe toka kichwani hadi viatuni,
wakachokoa pua za sungura kwa pamba,
kisha zetu, kwa pamba ileile. Hapana,
pamba nyingine; ila tulifumba macho vilevile.

Kifungu cha kwanza, tafsiri. Cha pili, katazo. Cha tatu, faini.
Cha nne: vizimba vyote viteketezwe ndani ya siku tisini.
Nimetafuta neno "huruma." Halimo.
Miaka yote walipolia mle banini
hakuna diwani aliyegeuza shingo;
kikohozi cha mtoto mmoja kimejaza ukumbi.
Sisemi ni vibaya. Mlango uliofunguliwa kwa hofu
nao unapitika.

Nimemtafuta na Kashindye. Hayumo.
Waya wenyewe ni wa mkopo.
Jana gulioni kaniuliza, "Hiyo karatasi yenu inasemaje?"
Nikasema bado haijapigiwa kura.
Akaitazama mikono yake, makovu ya kucha juu ya makovu ya tumbaku.
"Mlekwa akipona navunja mwenyewe.
Msiniletee mgambo."

Alhamisi madiwani wanakaa.
Kurasa sita, nimezibana pini.
Chini ya kifungu cha nne nimeacha mistari miwili, mitupu.
Mkurugenzi akiuliza,
nitasema kompyuta imeruka yenyewe.