Tulikopa Tanga

Kukopa harusi, kulipa matanga.
Sisi tulikopa hapa hapa Tanga,
kalamu imefungwa mnyororo kama mbuzi wa hitima,
nawe ukasaini umesimama wima,
kama unayekabidhiwa bendera.

Nyumba ya Kange. Vyumba vitatu, choo cha ndani.
Tofali la kwanza ulilipigia saluti,
nikacheka hadi fundi Mnkande
akadondosha pima maji.

Kisha figo zangu.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, Bombo,
mashine inanifulia damu kama shuka,
na kila nilipofuliwa mimi
jina lako lilichafuka benki.
Siku thelathini. Sitini. Tisini.
Hukuniambia. Barua ulizificha ndani ya buti la jeshi,
la kushoto,
ukijua ukungu wake sitaugusa.

Leo tumekuja benki nyingine.
Tumesikia hawa wananunua deni.
Nani hununua deni, Semhando?
Nimekaanga vitumbua miaka ishirini Makorora,
sijaona mteja
aliyeomba kilichoungua.

Afisa mikopo ni binti, Eliakunda,
kucha rangi ya zambarau, sauti ya adabu.
"Namba yako, mzee?"
Ukataja ile ya jeshi, tarakimu zote, pumzi moja.
"Samahani. Ya NIDA."
Ukapapasa mfuko wa shati polepole,
vidole vile vile vilivyopapasa mchanga wa Darfuri
kutafuta chuma kisichotaka kuguswa.

Akageuza kioo cha kompyuta tukione.
Hakikuandika kwamba ulirudi na sikio moja.
Hakikuandika Bombo.
Kiliandika: mkopaji, mchelewaji.

Dawa ya deni kulipa, najua.
Sijaambiwa tu duka linalouza dawa hiyo
linafunguliwa saa ngapi.

"Lipeni kule miezi sita bila kuruka," alisema,
"mrudi, tutalihamisha. Rejesho litashuka.
Riba itapanda kidogo, kwa sababu ya doa.
Miaka kumi."
Akakupigia hesabu: utamaliza na sabini na mbili.
Mimi hakunipigia.
Nilimshukuru kwa hilo.

Nje, jua la saa saba.
Tanga, waja leo waondoka leo:
labda wageni.
Riba ilikuja na mkeka wake,
ikafunga chandarua, ikauliza kibla kiko wapi.
Nilikwambia hivyo tukivuka barabara
nawe ukanigeuzia sikio zima,
"Ati?"
nikarudia kwa kelele, watu wakageuka,
tukacheka kama wezi.

Wiki tatu sasa.
Pikipiki umeiuza kwa mpwa wako, nusu taslimu,
nusu maneno.
Rejesho la kwanza limeingia, siku mbili kabla ya tarehe.
Risiti umeitia ndani ya buti la kulia
na safari hii umenionyesha.

Nimeyatoa yote mawili, nimeyapanguza,
nimeyaanika dirishani.
La kushoto bado linanuka.

Zimebaki tano.
Kesho Jumatano, uniamshe mapema.
Nakwenda kufuliwa.